Boti Yenye Mlango Puani

Asubuhi ya majaribio ya boti, mtu ambaye Rula hakumtarajia kabisa alipanda ngazi za chuma za karakana na kusimama mlangoni pa chumba cha michoro bila kupiga hodi.

Alikuwa mama yake Nahodha, mwanamume aliyetaka kumuoa.

Rula aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka nyuma yake. Hapo kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wachomeleaji walimpachika hilo la Rula kwa sababu ya rula ya chuma aliyotembea nayo mfukoni, na pia kwa sababu, walivyosema wao, hata akikuangalia usoni unahisi anakupima. Leo yeye ndiye aliyekuwa akipimwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Mama hakukaa. Macho yake yalizunguka chumba chote, yakapita kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani na kwenye boti ndogo ya mbao iliyokuwa juu ya kabati, kisha yakatua dirishani. Huko chini, kando ya gati la karakana, boti yenyewe ilikuwa imefungwa kwa kamba nne. Ilikuwa ndefu na nyeupe, imeundwa kwa bati la alumini, na pua yake haikuchongoka kama pua za boti nyingine. Ilikuwa bapa. Pua ile ilikuwa mlango.

"Ndiyo hiyo?" Mama aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Na mwanangu atakaa wapi?"

"Pale nyuma, kwenye kile kibanda chenye vioo. Mbele linakaa gari."

Mama alitikisa kichwa polepole. Rula alijua anachokifikiria, maana alishakisema waziwazi miezi iliyopita, sebuleni kwake, mbele ya shangazi wawili na sahani za biskuti zilizokosa mlaji. Siku hiyo Nahodha alimpeleka Rula nyumbani kumtambulisha. Mambo yalikwenda vizuri hadi shangazi mmoja alipouliza binti anafanya kazi gani. Rula akaeleza kwa furaha, kama kawaida yake anapozungumzia kazi: anachora boti za mwendo kasi zinazobeba malori na magari ya wagonjwa hadi ufukweni kabisa, mahali pasipo na gati. Boti inapanda mchanga, mlango wa mbele unashuka na kuwa daraja, gari linatoka kavu. Alipomaliza, Mama alikiweka kikombe chini, akasema, "Mwanamke anayechora boti zenye mlango puani siwezi kumwita mkwe."

Baadaye, njiani, ndipo Nahodha alipomweleza kwamba baba yake alikufa kwenye kivuko cha magari. Mlango wa mbele ulifunguka baharini.

"Sikuja kugombana," Mama alisema sasa. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku ile. "Hata usiku sikulala. Nimekuja kukuomba."

"Nakusikiliza, Mama."

"Mzuie."

Rula aliinama akakiinua kiti kilichoanguka.

"Mimi nimeshamwambia, hanisikii. Ananibusu kichwani na kuondoka. Lakini wewe ukimwambia asiende, hatakwenda. Hilo nalijua, na halinifurahishi, ila nalijua." Alisogea karibu na meza. "Baba yake waliniletea akiwa amevimba. Wakaniambia, huyu ndiye. Uso haukuwa wake tena. Nilimtambua kwa kidole cha mguu. Unajua kumtambua mume wako kwa kidole cha mguu ni kitu gani?"

"Sijui, Mama."

"Mungu akuepushie usijue." Alishusha pumzi. "Mzuie leo. Ukimzuia, mimi nitakupokea nyumbani kwangu kama niliyekuzaa. Shangazi zake nitawanyamazisha mwenyewe. Sitakuwa na neno tena."

Kwa muda wa karibu mwaka mzima Rula alikuwa akiomba maneno hayo. Alishayaota. Sasa yalikuwa mbele yake, na hakuweza kuyafurahia.

Maana kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote. Yeye mwenyewe alikuwa anaogopa. Alizipitia hesabu zake mara nyingi mno, za uzito, za mawimbi, za mlango wa nje na ule wa pili wa ndani, alioung'ang'ania hata Meneja aliposema unaongeza kilo na kupunguza kasi. Hesabu zilikuwa safi. Hakuna mahali palipovuja. Hata hivyo kila alipofumba macho aliiona pua ile ikichomeka ndani ya wimbi na kutorudi juu, na kile kibanda chenye vioo kikiifuata.

"Nitazungumza naye," alisema.

* * *

Alimkuta Nahodha ndani ya kibanda cha usukani, ameshavaa jaketi la kuelea, anamsikiliza fundi injini aliyekuwa akizungumza kutoka chini ya sakafu. Injini zilikuwa zinanguruma taratibu, na boti nzima ilikuwa ikitetemeka kama farasi anayengoja kuachiwa. Mbele, kwenye sitaha, lori lilikuwa limefungwa kwa minyororo, limejazwa mifuko ya mchanga na kufunikwa turubai la kijani.

Alipomwona, macho ya Nahodha yalichanua. Alikuwa na namna ya kumtazama Rula iliyomfanya asahau alichokuja kusema. Ndivyo ilivyokuwa tangu wiki ile ya kwanza, alipoingia chumba cha michoro na beseni la maji, akaiweka boti ya mbao ndani, akaisukuma kwa kidole na kumwambia, "Tazama mchoraji, hapa itainamisha pua. Karatasi haitakuonyesha." Walichelewa kurudi nyumbani siku hiyo, viwiko vyao vikiwa vimelowa, na hakuna hata mmoja aliyelitaja neno mapenzi.

"Umekuja kuniaga?" aliuliza akitabasamu.

"Nimekuja kuzungumza. Tuwe wawili tu."

Nahodha aligonga sakafu kwa kisigino. "Fundi, nenda kapige chai."

"Nimeshakunywa," sauti ilijibu kutoka chini.

"Kanywe nyingine."

Fundi injini alitokeza, mikono imejaa grisi, akamtazama mmoja na kumtazama mwingine, akaondoka akipiga mluzi.

Rula aliusogelea usukani. Alikusudia kumwambia ukweli: naogopa, sina sababu, lakini naogopa. Alikusudia hivyo kweli. Lakini alijua Nahodha angejibu nini. Angemshika bega, angemwambia hofu ni jambo la kawaida, angetoka na boti. Ndipo kinywa chake kikatoa maneno mengine.

"Usiende. Bawaba ya kushoto ya mlango ina ufa. Nimeuona asubuhi hii."

Alitegemea kuulizwa. Alishajiandaa kwa maswali, alishatunga na majibu. Nahodha hakuuliza hata moja. Alinyoosha mkono akazima injini ya kulia, kisha ya kushoto, na ukimya ukaingia kibandani ghafla. Akachukua redio.

"Meneja, hapa Nahodha. Majaribio yamesimama."

"Yamesimama vipi?" Meneja alijibu, sauti ikikwaruza. "Wateja wako ufukweni wanangoja. Kuna nini?"

"Bawaba ina ufa."

"Ufa gani? Jana tumekagua bawaba zote. Umeuona wewe mwenyewe?"

"Rula ameuona. Akisema upo, upo."

Akairudisha redio mahali pake na kuanza kufungua jaketi, bila kunung'unika, kama mtu aliyeambiwa mvua inanyesha. Rula alimtazama akifungua kishikizo kimoja, cha pili. Hakujua kwamba anaaminiwa kiasi kile. Angalau hakujua kwamba ingemuuma kiasi kile.

"Hakuna ufa," alisema.

Vidole vya Nahodha vilisimama. "Unasema?"

"Bawaba ni nzima. Nimekudanganya." Machozi yalikuwa karibu, akajikaza. "Naogopa. Hesabu ni nzuri, mlango ni mzuri, kila kitu ni kizuri, nami naogopa mpaka nashindwa kula. Na mama yako yuko pale juu. Ameniahidi nikikuzuia atatukubali."

Nahodha aligeukia kioo cha mbele. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa kama ya mtu ambaye Rula hakumjua.

"Mama ndiye aliyekutuma useme uongo?"

"Hapana. Aliniomba nikuzuie. Uongo ni wangu."

"Angalia hapo mbele," alisema, akinyoosha kidole kwenye kioo. "Unaona nini?"

"Lori."

"Lori. Na baada ya lori, ukuta. Huo mlango wako ukiinuliwa ni ukuta mrefu. Nikiwa nimekaa hapa sioni bawaba. Sioni maji yanayoingia chini ya magurudumu, sioni wimbi liko wapi mpaka linipige. Unafikiri naendesha kwa kutumia nini? Naendesha kwa macho yako. Ulichoniambia kiko vile, kwangu kiko vile. Sina kingine."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingefanya. Kuna siku utaniambia kuna ufa na ufa utakuwepo kweli. Siku hiyo mimi nitasimama kwanza kujiuliza: huyu anasema kweli, au ananiogopea tu?" Alivuta kishikizo cha jaketi akakifunga tena. "Unajua boti hii ikiwa kwenye kasi inachukua muda gani kupinduka? Wewe ndiye uliyenifundisha."

Rula alijua. Ilikuwa muda mfupi kuliko wa kujiuliza.

"Nisamehe," alisema.

"Shuka, nina kazi." Alichukua redio tena. "Meneja, twende. Bawaba ni nzima."

"Mara ina ufa, mara ni nzima," Meneja alilalamika. "Mtaniua nyinyi wawili."

Nahodha hakucheka. Alimngojea Rula ashuke na fundi arudi ndipo akawasha injini, naye Rula akatembea kwenye gati bila kugeuka, akihisi macho yake mgongoni, na asijue ni macho ya namna gani.

* * *

Ufukwe wa majaribio ulikuwa nyuma ya karakana, mchanga mgumu uliofungwa pande mbili na kuta za mawe. Wateja walisimama na Meneja chini ya mwavuli mkubwa. Rula alisimama mbali nao, karibu na maji, darubini shingoni na redio mkononi. Upepo ulikuwa umeongezeka kidogo tangu asubuhi. Kwa mtu mwingine ulikuwa upepo wa kupunga joto. Yeye alitazama jinsi ulivyokuwa ukiyapindua mawimbi huko nje na kuyatia weupe vichwani.

Alisikia hatua nyuma yake.

"Sikumzuia, Mama," alisema kabla hajageuka.

"Naona." Mama alikuja akasimama kando yake. Alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi. "Alikataa?"

Lilikuwa swali jepesi kulijibu. Ndiyo, alikataa. Nani angejua? Lakini Rula alishapata somo la siku.

"Hakukataa. Mimi ndiye niliyeshindwa."

Mama alimtazama kwa jicho la kando. Hakuondoka.

Boti ilitokea nyuma ya ukuta wa mawe, ikaelekea nje, ikageuka. Kwanza ilikwenda pole, nzito kwa lile lori, pua yake bapa ikisukuma maji mbele kama mtu anayesukuma kabati. Kisha injini zikabadilisha sauti. Nyuma yake mkia mweupe wa maji uliruka juu, na chombo chote kikapanda, kikawa kama kinateleza juu ya bahari badala ya kuikata. Chini ya mwavuli watu walipiga makofi.

"Inakwenda hivyo?" Mama alinong'ona.

"Ndivyo nilivyoichora." Rula hakuhisi fahari yoyote. Roho ilikuwa mkononi.

Mpango ulikuwa mfupi. Boti ingepita mbele ya ufukwe kwa kasi yote, mbali kidogo na mahali mawimbi yanapovunjika. Mbele ya kuta za mawe ingekata kona kali ya kushoto kuelekea nje, izunguke, kisha ije moja kwa moja kutua. Ile kona ndiyo iliyomkosesha Rula usingizi.

Wimbi la kwanza kubwa liliipiga puani. Maji yaliruka juu ya mlango, yakamwagika kwenye sitaha. Hayo yalikuwa kwenye hesabu. Chini ya kuta zote mbili za boti alikuwa ameweka matundu mapana ya kutolea maji, na aliyaona sasa kwa darubini, upande wa kushoto, yakitema maji meupe kama mabomba. Wimbi la pili. Pua ilichomeka zaidi kuliko alivyopenda, ikazama, na Mama akamshika mkono kwa nguvu. Ikarudi juu.

"Imerudi," Rula alisema. "Imerudi, Mama."

Boti iligeuza pua ili ipite mbele yao, na kwa mara ya kwanza aliuona upande wa kulia.

Matundu ya kulia hayakutoa kitu. Makavu kabisa.

Mwanzoni hakuelewa. Alisogeza darubini juu. Turubai la kijani halikuwa juu ya lori. Mawimbi yalikuwa yamelichomoa upande mmoja, na lilikuwa limeanguka chini ya ukuta wa kulia, limelala juu ya matundu yote kama kizibo. Maji yote yaliyoingia upande ule yalikuwa bado ndani. Boti ilikuwa imeinamia kulia, kidogo tu, kiasi ambacho mtu aliyekaa nyuma ya usukani angedhani ni upepo. Na Nahodha alikuwa anaelekea kwenye kona. Akikata kushoto kwa kasi ile, maji yale yote na lile lori vingeelemea upande mmoja kwa pamoja.

Rula aliinua redio. Kidole kilimteleza kwenye kitufe.

"Nahodha, usikate kona. Narudia, usikate kona. Matundu ya kulia yamezibwa na turubai. Una maji ndani."

Redio ilikwaruza. Hakuna aliyejibu.

Boti iliendelea. Kuta za mawe zilikuwa zinakaribia.

"Nahodha, umenisikia?"

"Nimekusikia." Halafu kimya. Katika kimya kile Rula alisikia kila kitu walichoambiana asubuhi. Alimwona kwa mawazo akitazama mbele, akiona lori na ukuta, bila kingine. "Rula. Kweli?"

"Kweli. Naliona kwa macho yangu."

Alingoja. Mkono wa Mama ulikuwa umemkaza mpaka vidole vyake vimekufa ganzi.

"Niambie la kufanya," Nahodha alisema.

Sauti ya Rula ilitoka imenyooka, kana kwamba anasoma mchoro mezani. "Usipunguze ghafla, pua itaanguka. Punguza kidogo kidogo. Usukani wacha ulipo."

"Napunguza. Mbele kuna mawe."

"Unayo nafasi. Kidogo tena. Sasa geuka kushoto taratibu, kama unageuza mtoto aliyelala."

Boti ililala upande wa kulia. Ikalala zaidi. Chini ya mwavuli mtu mmoja aliuliza kama hilo nalo limo kwenye mpango, na Meneja hakumjibu. Maji yalifika ukingoni mwa ukuta wa kulia, na Rula aliona magurudumu ya lori yakivuta minyororo.

"Iache hapo," alisema. "Usiongeze chochote. Mtume fundi alivute turubai, apitie kushoto kwa lori, asipite kulia."

Umbo dogo lilitoka nyuma likijishikilia kwenye lori. Fundi injini alipotea kwenye maji ya sitahani, akatokea, akapotea tena. Turubai lilitingishika. Kwa muda ambao Rula hakuweza kamwe kuueleza ulikuwa mrefu kiasi gani, hakuna kilichobadilika. Kisha mkanda mweupe wa maji ulitoka kwenye tundu la nyuma la upande wa kulia. Na la pili. Na yote.

Boti ikaanza kusimama, polepole, kama mzee anayeinuka kitini.

"Njoo nyumbani sasa," Rula alisema kwenye redio. Hakujali nani anasikia. "Moja kwa moja. Njoo."

Ilikuja. Bati lilikwaruza mchanga, minyororo ikalegea, na ule mlango uliotajwa sebuleni kwa chuki ukashuka taratibu hadi ukalala ufukweni. Fundi injini, ameloa chapachapa, alifungua minyororo, akaingia kwenye lori na kulitoa nje. Magurudumu yaligusa mchanga. Watu walipiga makofi tena, lakini makofi ya kusitasita, ya watu wasiojua wamekiona nini.

Nahodha hakutokea.

Mama aliuachia mkono wa Rula. "Yuko wapi?" Akapiga hatua mbili kuelekea majini. "Mwanangu yuko wapi?"

"Anazima injini, Mama. Lazima azime kwanza." Lakini naye alikuwa anatazama ule mlango mtupu, na hakupumua hadi alipomwona akija, akitembea katikati ya sitaha yenye maji, mkono mmoja umeshika ukuta.

Mama hakukimbia. Alikaa kwenye mchanga hapohapo, viatu vikiwa mapajani, kama mtu aliyekatwa miguu. Rula alichuchumaa kando yake.

"Alikuuliza kama unasema kweli," Mama alisema bila kumtazama. "Kwa nini alikuuliza hivyo?"

"Kwa sababu asubuhi nilimwambia uongo. Nilimwambia chombo kina ufa ili asiende. Kisha nikashindwa, nikamwambia ukweli."

"Kwa ajili ya nilichokuomba."

"Kwa ajili yangu pia."

Mama alifikiri. Uso ulimsawijika, na Rula aliona jambo lile likimwingia kidogo kidogo: kile kimya cha kwenye redio, na mahali kilipotoka. "Kumbe ningemuua mimi," alisema.

"Hapana, Mama."

"Usinibembeleze. Nimesikia kwa masikio yangu." Alifuta uso kwa kiganja. Nahodha alikuwa ameshafika. Alipiga magoti mbele ya mama yake, naye akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku akimkagua kama anayetafuta donda, akamsukuma. "Umeloa. Utaniloanisha."

Kisha akainuka, akajikung'uta mchanga. "Nyinyi mna mambo yenu. Nitakuwa pale kwenye mwavuli, huenda wana chai." Akamwelekea Rula. "Ukimaliza naye, njoo. Mimi nina maneno na wewe."

Rula naye aliinuka. "Ni mabaya, Mama?"

"Si mabaya. Ni marefu." Akaondoka, miguu mitupu, viatu mkononi.

Wakabaki wawili. Nahodha alikaa pale alipopiga magoti, maji yakimtiririka mikononi. Hakumgusa Rula. Walitazamana kama watu waliokutana baada ya safari ndefu na wasiojua waanzie wapi.

"Nitaweka vyuma mbele ya matundu," Rula alisema, kwa kuwa hilo lilikuwa rahisi kusema. "Kitu chochote kisiweze kulala juu yake. Ni kosa langu, sikulifikiria turubai."

"Hakuna aliyelifikiria." Alifuta maji usoni. "Nilisita, Rula. Uliponiita. Boti ilikuwa imeshaanza kulala, mimi niko pale nasita. Hilo ndilo linanitisha. Maji hayakunitisha hivyo."

"Hukusita sana."

"Nilisita." Alimtazama usoni. "Sitaki unisamehe, wala nikusamehe. Nataka ahadi. Ukiona ufa, sema ufa. Ukiogopa, sema unaogopa. Usivichanganye tena."

"Na nikiogopa kila siku?"

"Sema kila siku. Nitakusikiliza kila siku."

"Na wewe?"

Aliangalia boti, mlango wake wazi, maji yakiendelea kudondoka kwenye bawaba. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya Rula, kiganja juu, na Rula akaona kwamba unatetemeka, vidole vyote vitano, ule mkono uliogeuza boti kwa upole kiasi kile.

"Mimi naogopa," Nahodha alisema. "Tangu jana jioni naogopa."

Rula aliuchukua mkono ule kwa mikono yake miwili akaushikilia, nao ukaendelea kutetemeka, na hakuna kati yao aliyejaribu kuutuliza.